Kiazi cha kuoka cha mkahawa wa steki: foili, maikrowevu au kikiwa uchi?

BintiPangani, Dallas

Jamani habari za jioni. Mume wangu kila Ijumaa ya mshahara lazima twende kula steki, na steki yenyewe anaiacha nusu. Anachokifuata pale ni kiazi. Kile kikubwa kama ngumi ya bondia, kimepasuliwa katikati, siagi inateremka, juu krimu chachu, chizi ya cheddar, vipande vya bekoni na majani ya kitunguu. Bekoni sisi hatuli, tunaomba waiondoe, na bei haipungui hata senti. Nikaona heri nijifunze mwenyewe.

Nimeshajaribu mara tatu, kiazi aina ya Russet, kila kimoja kama gramu 300. Mara ya kwanza nilikifunga foili, oveni nyuzi 200, saa moja na robo. Kimeiva, lakini kizito, kimelowa, na ganda limelegea kama soksi iliyonyeshewa. Mara ya pili maikrowevu, dakika 10, nikakigeuza katikati. Upesi kweli, ila upande mmoja ulikuwa mgumu kama mpira. Mara ya tatu nikakipaka mafuta na chumvi, bila foili, nyuzi 200 tena. Hicho ndicho kilikaribia, lakini chumvi karibu yote ilidondoka chini na ndani hakikuchambuka.

Kinachonichanganya ni hiki: mikahawani si wanakileta kimefungwa foili? Mbona chao hakilowi? Wenye uzoefu nilinganishieni.

Mpishi_wa_Zamani, Columbus

Dada, foili imekudanganya kama ilivyotudanganya wengi. Nimefanya kazi jikoni kwenye mkahawa wa steki miaka 4, na mwaka wa kwanza sikugusa nyama, nilikuwa mtu wa viazi tu. Wapo wanaooka ndani ya foili, sikatai. Lakini pale kwetu foili ilikuwa blanketi, siyo sufuria. Viazi viliokwa uchi, vikiiva ndipo tunavifunga vikae na moto wake hadi mteja aagize.

Kiazi karibu asilimia 80 ni maji. Ukikifunga tangu kibichi, yale maji yanataka kutoka na hayana pa kwenda, kwa hiyo kinajipika kwa mvuke wake. Wewe unakiita cha kuoka, kumbe umekichemsha.

Fanya hivi. Koroga vijiko vikubwa 2 vya chumvi ndani ya nusu kikombe cha maji. Kiazi kioshe, kitoboe kwa uma mara 5 au 6, kigaragaze kwenye yale maji ya chumvi hadi kilowe kote, kisha kipandishe kwenye wavu ulio juu ya trei. Oveni nyuzi 230 za Selsiasi, ambazo kwenye oveni za huku Marekani ni 450 za Farenhaiti. Usipake mafuta kwanza! Mafuta ukiyaweka mwanzoni ganda linachelewa kukauka. Kwa saizi yako hesabu dakika 45 hadi saa moja, halafu choma kipimajoto katikati. Ikisoma 96 kimefika, ikifika 99 bado ni kizuri. Chini ya 93 kitakuwa na kile kiini kigumu kinachokera ulimi. Hapo ndipo unapaka mafuta kidogo na kukirudisha dakika 10. Maji yatakuwa yamekauka na chumvi imegandia kwenye ganda, haidondoki.

Na kikitoka tu, kipasue. Usingoje mtu anawe mikono. Chora msalaba juu kwa kisu, kishike kwa taulo pande mbili, bana kuelekea ndani. Utaona kinafunguka kama ua na mvuke unatoka fuuu. Ukikiacha kizima mezani dakika 10, mvuke ule ule unageuka maji humo ndani na kazi yako yote imeharibika.

Waru_na_Chumvi, Nairobi

Hiyo hesabu ya saa nzima ya oveni ni ya watu wa Dallas. Hapa kwangu ukiwasha oveni ya umeme unaona tu token zikikimbia. Mimi nimezoea njia ya katikati: maikrowevu dakika 6, nakigeuza ikifika 3, halafu eafraya (kikaangio cha hewa moto) nyuzi 200 dakika 15 hadi 20 nikishapaka mafuta na chumvi. Ganda linakuwa kavu, ndani ni sawa. Si kama cha oveni, nakubali, lakini tofauti ni kama robo tu na muda ni chini ya nusu. Ile oveni ya gesi niliyokuwa nayo zamani ndiyo ilinishinda kabisa, gesi ikiungua inatoa unyevu na ganda lilikuwa linakataa kukauka mpaka nimalizie na grili ya juu.

Swali la aina ya kiazi hamjaligusa. Russet kwetu sijawahi kuiona. Sokoni ni Shangi, na Shangi kwa chipsi na mukimo sina neno nayo, inaiva upesi. Kwa kuoka inakubali pia ukipata kubwa, ila macho yake yameingia ndani, udongo unabaki humo, kwa hiyo osha na brashi. Mimi huchagua kwenye gunia moja moja na mama mboga ananiangalia kama mwizi. Na usinunue za mwezi mzima, Shangi inachipua upesi mno. Yenye rangi ya kijani acha, ni chungu na ina sumu, na hapa tunakula na ganda.

BintiPangani, Dallas

Mimi viazi huweka friji ili visichipue. Ni kosa?

Mpishi_wa_Zamani, Columbus

Kwa kuoka, ndiyo. Baridi inageuza wanga kuwa sukari. Kikiingia kwenye moto mkali kinapata weusi na utamu usioeleweka. Weka kwenye kabati lenye giza na hewa, mbali na vitunguu.

Kiazi_na_Koti, Leicester

Naona mnakimbilia moto mkali. Huku Uingereza kiazi cha jaketi, yaani kilichookwa na ganda lake, ni chakula cha kila siku, tena si pembeni ya steki, ndicho mlo wenyewe, na maharagwe ya kopo na chizi juu. Na mimi nakioka polepole: nyuzi 200, saa moja na nusu, kikubwa zaidi hata saa 2. Ganda linakuwa nene, linavunjika kama ukoko wa wali. Nyuzi 230 kwa dakika 50 ganda linakuwa jembamba, zuri kwa kuchokonoa ndani, lakini mimi ganda ndilo ninalolilia.

Mpishi_wa_Zamani, Columbus

Kaka, hapo hatupingani, tunataka vitu viwili tofauti. Cha steki kinabebeshwa mzigo mzito, ganda ni bakuli tu. Chako ganda ni nyama. Anayetaka ukoko afuate njia yako, asisahau tu kwamba saa 2 za oveni ni bili.

Mzee_wa_Reli, Tacoma

Vijana, kabla hamjagombana, mjue hiki kiazi kikubwa kilipata jina kwenye treni. Kampuni ya reli ya Northern Pacific ilikuwa na msimamizi wa mabehewa ya chakula aitwaye Hazen Titus. Inasimuliwa kwamba alisikia wakulima wa bonde la Yakima, hapa hapa Washington, wakilalamika kuwa viazi vyao vimekuwa vikubwa kupita kiasi, havinunuliki, wanalisha nguruwe. Vingine vilikuwa karibu kilo moja. Akavinunua, akajaribu kuvioka polepole, na kuanzia 1909 abiria wakawa wanaletewa kiazi kizima kimejaa sahani, na donge la siagi. Kampuni ikajitangaza kwa kiazi miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mwenzetu wa Leicester, ule upolepole wako ni wa asili hata huku.

BiKizimkazi, Muscat

Mnazungumza ganda tu, na vya juu je? Kwetu ni mbatata, na mbatata bila vya juu ni chakula cha mgonjwa.

Mwanangu Binti, bekoni isikuumize kichwa. Tafuta ya ng'ombe, ipo halali. Iweke kwenye kikaango cha baridi, ndipo uwashe moto mdogo, mafuta yatoke taratibu, ikauke. Ya batamzinga mimi siitaki, inakuwa kama kadibodi. Lakini nikwambie ninachofanya hasa: vitunguu vya biriani. Vile vya kukaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia, vikavunjika mkononi. Vinyunyize juu na hutakumbuka bekoni. Wajukuu zangu hapa wanavimaliza kwenye bakuli kabla mbatata haijatoka.

Krimu chachu nayo, mtindi unatosha. Umimine kwenye kitambaa safi, uning'inize ndani ya friji usiku kucha, asubuhi umebaki mzito unasimama kwenye kijiko. Chumvi kidogo. Utoe mapema kwenye friji, usije ukaupoza mbatata.

Na mpangilio una maana. Siagi na chumvi kwanza, uchambue kwa uma ivyonze. Kisha chizi wakati ndani bado kunafuka. Mtindi baadaye, vitunguu mwisho. Mtindi ukitangulia, chizi haiyeyuki.

Waru_na_Chumvi, Nairobi

Bi, hiyo ya vitunguu vya biriani nimeiiba. Naongeza moja: chizi kwaruza mwenyewe kutoka kwenye kipande. Ile iliyokwisha kukwaruzwa kwenye pakiti huwa imetiwa unga wa kuzuia isishikane, na unga huo huo unaizuia kuyeyuka vizuri.

Dereva_wa_Masafa, Indianapolis

Mimi mvivu. Jumamosi usiku naoka sita ndani ya foili, naviacha hapo hapo kwenye kaunta, Jumapili na Jumatatu napasha moto nakula barabarani. Sijawahi kuumwa.

Mpishi_wa_Zamani, Columbus

Kaka, nakuomba uache. Hili silitanii. Mwaka 1994 kule El Paso, Texas, watu 30 waliugua botulizimu, ugonjwa wa sumu ya vijidudu kwenye chakula, na chanzo kilikuwa viazi vilivyookwa ndani ya foili vikaachwa nje bila friji, kisha vikatumika kutengenezea chovyo, ile rojo ya kuchovea. Vijidudu vyake viko kwenye udongo, moto wa oveni hauviui vyote, na foili inawapa wanachokipenda: unyevu, uvuguvugu na kukosa hewa. Ile sumu hulegeza misuli mpaka ya kupumulia. Kiazi kikibaki, fungua foili, kiingize friji. Kama huwezi, ukile kingali moto au ukitupe.

Dereva_wa_Masafa, Indianapolis

Duh. Nimekuelewa. Vya leo vinaenda kwenye pipa.

BintiPangani, Dallas

Nimerudi na majibu. Leo nimeoka vitatu kwa mkupuo: cha maji ya chumvi, cha njia ya Nairobi (sina eafraya, nikamalizia oveni), na cha foili kwa ushahidi. Cha chumvi dakika 50 kipimajoto kilisoma 92, dakika 58 kikasoma 97. Nikapaka mafuta, nikakirudisha. Kilipotoka ganda lilikuwa na ukungu mweupe wa chumvi, ukiligonga kwa ukucha linalia ko ko. Nilipobana, ndani kulifumuka kama pamba. Nimesimama pale jikoni nikala vijiko vitatu bila siagi.

Cha Nairobi kimenishangaza, ni kizuri kuliko nilivyotegemea, katikati ya wiki nitatumia hicho. Cha foili kilekile, soksi.

Juu nimeweka siagi, cheddar ya kukwaruza, mtindi wa BiKizimkazi na vitunguu vya biriani. Nikampelekea mume wangu vyote vitatu bila kumwambia kipi ni kipi.

Akaonja, akafikiri, akaonyesha cha foili. Anasema, "Hiki ndicho kinafanana na cha mkahawani."

Kiazi_na_Koti, Leicester

😂😂😂

BiKizimkazi, Muscat

Mwanangu, pole. Wanaume wanakula kumbukumbu.

Mpishi_wa_Zamani, Columbus

Dada usikate tamaa. Ijumaa oka kile cha chumvi, kipasue, mvuke utoke, kisha kizungushie foili chini tu, juu pabaki wazi, umpelekee. Atakuambia umekinunua wapi.