Nukta ya kati: kwa nini tunajumlisha badala ya kutoa?

DadaMkubwa_Nkuhungu:
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu yuko fomu foo hapa Dodoma, kaniletea swali la koodineti na mimi hesabu niliachana nazo siku nyingi. A(-3, 7) na B(5, -1), tafuta nukta ya kati. Yeye katoa akagawa kwa mbili kapata (4, -4), kitabu kinasema (1, 3), yaani unajumlisha ndo unagawa. Nikamwambia basi kariri hivyo, kagoma, anasema kama natafuta nusu ya umbali si lazima nitoe kwanza? Nimekosa jibu. Msaada jamani.

Mzabibu_Hombolo:
Dada, dogo hajapotea, kaishia njiani tu. Chukua mstari wa mizabibu, wewe uko mche wa 20 mwenzio mche wa 50, mnataka kukutana katikati. Ukitoa unapata 30, nusu yake 15, sasa mche wa 15 si uko nyuma yako huko! Hiyo 15 ni miche ya kutembea, sio pa kukutania, kwa hiyo 20 + 15 = 35. Jumlisha 20 na 50 ugawe kwa mbili, 35 hiyo hiyo. Ile (4, -4) yake ni mwendo, aanzie A: -3 + 4 = 1, na 7 - 4 = 3. Mpe hongera kwa kugoma kukariri.

TichaHesabu:
Naunga mkono. Wanachanganywa na mteremko na umbali, kule kote ni kutoa. Ila asihakiki jibu kwa umbali peke yake, maana hata (0, 2) iko mbali sawasawa na A na B, mzizi wa 34 kote, lakini haiko kwenye mstari wa AB kabisa. Na akipewa kati na A atafute B, azidishe kati kwa mbili atoe A: 2 - (-3) = 5, 6 - 7 = -1. Kwenye hizo hasi mbili ndo maksi nyingi zinadondoka.

DadaMkubwa_Nkuhungu:
Asanteni sana, ya miche kaielewa hapo hapo. Sasa anauliza akitaka theluthi ya njia je?

TichaHesabu:
Swali zuri sana hilo. Hapo kujumlisha na kugawa kwa mbili hakumsaidii tena, arudi kwenye kutoa kwake: tofauti ni 8 na -8, agawe kwa tatu, aanzie A, atapata (-1/3, 13/3).