Neno "vision" kwenye bango la akina mama wa mawese: niandike dira, maono au njozi?

Brashi_Mwanga:
Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari zenu. Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Mwanga, Kigoma. Kuna kikundi cha akina mama wakamuaji wa mawese wameniletea karatasi ya Kiingereza waliyoandikiwa wakati wa kusajiliwa. Juu kabisa pameandikwa VISION, chini sentensi mbili ndefu. Wanataka bango la bati, futi nane kwa nne, kwa Kiswahili. Mwenyekiti aliniambia, "Mwanangu, nikipita pale nataka nisome mwenyewe." Rangi nyeupe ya chini nimeshapaka, imekauka tangu juzi, na herufi sijagusa hata moja.

Naogopa, na nina sababu. Miaka kadhaa nyuma nilichora kibao cha sehemu wanapotibu macho. Kwenye karatasi yao palikuwa na VISION TEST. Nikafungua kamusi, neno lililonijia mbele ni "maono", nikaandika KUPIMA MAONO, herufi nyekundu zilizonyooka vizuri. Baadaye sana nikakutana na bibi wa mtaani kwetu mwenye mtoto wa jicho, mjukuu kamshika mkono. Nikauliza mbona hajaenda kutibiwa pale, si mbali. Mjukuu akasema walifika hadi mlangoni. Yeye ndiye aliyemsomea bibi kibao, na bibi akaamuru wageuke, maana yeye ni Mwislamu, hakwenda pale kuombewa na watu wa maono.

Siku hiyo hiyo nilinunua kopo la rangi kwa hela yangu nikaenda kufuta. Bibi nikampeleka mwenyewe, jicho moja likafanyiwa upasuaji, anaona. Lakini miezi yote ile aliyokaa bila kuuona uso wa mjukuu wake ilitokana na neno nililochora mimi. Kwa hiyo safari hii nauliza kwanza. Kamusi inanipa maono, njozi, dira, mtazamo, uoni. Lipi ni lipi?

Kijana_wa_Gungu:
Kaka andika tu VISION, siku hizi kila mtu anaelewa.

Brashi_Mwanga:
Mdogo wangu, mwenyekiti haelewi, na bango ni lake.

Sista_Macho_Tabora:
Pole kaka, na asante kwa kumpeleka bibi. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho huku Tabora. Mgonjwa hatumwambii "uoni" wala "maono". Tunamwambia "tunakupima macho", basi. "Uoni" linakaa kwenye fomu, hasa tunapoandika "uoni hafifu".

Na hata huo uoni si kitu kimoja. Mgonjwa anakaa mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi, ule uliobuniwa na daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Asiyejua kusoma anapewa ubao wa herufi E zilizogeuzwa huku na huku, anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Tukiandika 6/60, maana yake anachokisoma yeye akiwa mita 6, mwenye macho mazima angekisoma akiwa mita 60. Wamarekani hupima kwa futi, ndiyo maana utawasikia wakisema 20/20. Asiyefika 3/60 kwa jicho lake lililo bora tunamhesabu kuwa haoni. Sasa kuna mzee atakusomea ubao mpaka mstari wa chini, halafu akisimama anagonga mlango kwa bega. Huyo presha ya macho imemla pembeni. Kwake kilichopungua ni upeo wa kuona, si ukali wa macho. Kuna na mtoto anayecheza vizuri mchana, jua likizama anaanza kupapasa ukuta, kwa sababu vitamini A imepungua mwilini. Na hapo hao akina mama wako wanahusika kuliko wanavyojua, kwani mawese mekundu, yale ambayo hayajaondolewa rangi, yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A hiyo hiyo.

Nikuongezee moja la kukufaa kazini. Herufi yenye urefu wa karibu sentimita 9, mwenye 6/6, yaani macho mazima, anaisoma akiwa mita 60. Mwenye uoni wa 6/18 lazima asogee hadi mita 20. Kati ya wanaopita mbele ya mabango yako wamo na hao wa pili, na miwani hawana.

Mwl_Mstaafu_Ujiji:
Marahaba mwanangu. Nimefundisha Kiswahili muda mrefu na swali lako limenifurahisha, maana watu hulipita.

Neno hilo Waingereza walilipata kutoka Kilatini, kitenzi *videre*, yaani kuona, wakabebesha maana zote mgongoni mwa neno moja. Sisi tumefanya kinyume, tukachukua *ona* tukaizalisha: maoni, maono, onyo, maonyesho, mwonekano, hata uonevu. Maoni na maono hutenganishwa na herufi moja tu, nami nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu hadi nastaafu. Tena Mswahili haoni kwa macho peke yake. Anaona baridi, anaona njaa, anaona haya.

*Maono* yamekaa kanisani. Biblia ya Kiswahili inasema "Pasipo maono, watu huacha kujizuia", na waumini wamelishika hivyo. Njozi ni ya usingizini zaidi, ingawa kwa nabii Habakuki watafsiri waliandika "Iandike njozi". Hapa Ujiji, kwenye misikiti yetu, utasikia ruya. Kwa hiyo yule bibi, mwanangu, hakukosea hata kidogo. Alisomewa Kiswahili na akakielewa sawasawa.

Kuhusu bango: *dira*. Tangu serikali ilipotoa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, neno hili limeshika, na Julai 2025 imezinduliwa Dira 2050. Wakenya yao waliiita Ruwaza ya 2030, neno zuri, ila ukilichora hapa kwetu utasimama chini ya bango kulieleza kutwa nzima. Jua pia kwamba dira ni mita ya maji, ndivyo wanavyoiita wenye maji. Hilo halitakusumbua, mahali pake panajulikana.

Nahodha_Kibirizi:
Mwalimu shikamoo. Naomba niongeze, maana hiyo dira mimi nimelala nayo.

Ziwa letu Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50. Masika, mvua ikishasafisha hewa, unasimama Kibirizi unaiona milima ya Kongo kama vile utaigusa. Kiangazi watu wakichoma mashamba, moshi unaifuta, hakuna mlima, hakuna ng'ambo, maji tu. Hapo ndipo unapoitegemea dira. Lakini dira haijawahi kunionyesha Kalemie, bandari ya ng'ambo Kongo. Inanionyesha kaskazini. Kalemie iko wapi lazima niwe ninajua mimi kabla sijang'oa nanga. Na ukiiweka dira karibu na chuma au injini inadanganya, nimeona chombo kikizunguka usiku kucha kwa sababu mtu aliegemeza nyundo pale.

Kwa hiyo ndugu mchoraji, neno dira sawa, sipingi. Ila nimesoma dira nyingi za vikundi ukutani, "kuwa kikundi bora chenye maendeleo endelevu", na sijaona bandari ndani yake. Wale mama waulize: mkifika, mtaona nini kwa macho yenu? Wakishakwambia, hicho ndicho cha kuchora.

Mwl_Mstaafu_Ujiji:
Nahodha, hapo umenifundisha. Nakubali.

Brashi_Mwanga:
Nimerudi. Jana jioni nilienda kwa akina mama na simu yangu, nikawasomea majibu yenu yote kuanzia juu. Sista alipotaja mtoto anayepapasa ukuta, mama mmoja alisema mwanawe wa kwanza alikuwa hivyo hivyo, wakadhani ni uoga wa giza. Walinyamaza kidogo.

Halafu nikauliza swali la nahodha. Ile karatasi ya Kiingereza hawakuigusa tena. Mmoja alitaka ardhi, mwingine mashine ya kukamulia, wakabishana hasa, mpaka mama wa pembeni ambaye hakuwa amesema neno akasema yeye amechoka kuambiwa bei na mchuuzi wakati dumu limeshapakiwa kwenye baiskeli. Hapo wote wakaitikia pamoja. Tukapunguza maneno, tukapanga, hadi ikawa hivi:

DIRA YETU
Tunataka kuona mawese yetu yanauzwa yakiwa yamechujwa, na kila mama anaijua bei kabla dumu halijatoka mlangoni.

"Kuona" ni wao walioling'ang'ania. Mimi nilitaka kuliondoa ili nipate nafasi.

Leo nimechora. Kichwa sentimita 20, sentensi herufi za sentimita 9, mistari minne, imeenea. Mwenyekiti alivuka barabara akasimama ng'ambo, mkono juu ya paji la uso kwa sababu ya jua, akaanza kusoma kwa sauti, neno moja moja. Kwenye "yamechujwa" alikwama. Akarudi nyuma, akalikata vipande, akapita, akaenda mpaka mlangoni.

Sista, nitumie vipimo vya ubao wa herufi E. Bati limebaki kipande.