Mota ndani ya gurudumu: kijana wa ufundi ajenge kazi yake hapo?

Mleta mada:
Wakuu, Ferdinand Porsche alionyesha gari lenye mota ndani ya magurudumu huko Paris mwaka 1900. Zaidi ya karne imepita, na magari mengi ya umeme bado yanafunga mota kwenye ekseli. Kampuni za magari ya umeme Lightyear ya Uholanzi na Lordstown ya Marekani zote zilitumia teknolojia ya Elaphe, kampuni ya mota za gurudumu ya Slovenia. Kitengo cha uzalishaji cha Lightyear kilifilisika Januari 2023, na Lordstown ikakimbilia mahakama ya ufilisi Juni mwaka huohuo. Msimamo wangu: kwa gari la abiria, kijana asiweke matumaini yake yote hapo.

Pigeni hesabu. Gari la kilo 1,500 kwenye mlima wa asilimia 20 linadai nguvu ya kusukuma ya nyutoni 2,900 hivi. Tairi likiwa na nusu kipenyo cha sentimita 32, nguvu ya kuzungusha magurudumu ni nyutoni-mita 920. Mota moja yenye gia ya 9 kwa 1 inatoa 103 tu, kazi iliyobaki inafanywa na gia. Mota mbili za gurudumu zisizo na gia, kila moja itoe 460. Nguvu kubwa ya kuzungusha inataka mkondo mkubwa, na mkondo ukiongezeka maradufu, joto la koili linakuwa mara nne. Ndiyo sababu mota hizi hujazwa shaba na sumaku, na kilo zote hizo hazibebwi na springi.

Mchangiaji wa kwanza:
Hesabu ni sahihi, hitimisho nalipinga. Mota ya gurudumu ya Pd18 ya kampuni ya Protean ina kilo 36 na kilele cha nyutoni-mita 1,250. Hiyo 460 inaimudu. Kuhusu uzito, wahandisi wa Lotus, kampuni ya magari ya Uingereza, waliwahi kuongeza kilo 30 hivi kila gurudumu la gari la kawaida, wakaona tofauti inarekebishika kwa sehemu kubwa kwa kupanga upya springi na shokapu. Halafu unapata nafasi: hakuna difu, hakuna shafti, sakafu yote ni ya betri. Hata gari la NASA lililotembea mwezini mwaka 1971 lilikuwa na mota kila gurudumu.

Mleta mada:
Lile la mwezini lilikuwa na gia ya 80 kwa 1 kila gurudumu, mkuu. Hilo linanisaidia mimi. Na kilele si nguvu ya kudumu: mlima mrefu, mwendo mdogo, mzigo mzito, hapo upepo wa kupoza ni kidogo na mkondo uko juu. Kingine kinachonitia hofu ni kufa kwa inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kuendesha mota. Koili zikijifunga kwa shoti, gurudumu moja linajikaba peke yake na gari linavutwa upande.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishania magari wakati mota hizi zimejaa kwenye baiskeli na pikipiki za umeme. Anayetaka kazi aanzie huko. Vinavyokufa vinajulikana:

Sensa za sumaku ndani ya stata (sehemu ya mota isiyozunguka) huungua mota ikizidiwa. Dalili ni kutetemeka wakati wa kuondoka. Kebo hukatika pale inapotokea kwenye ekseli, hasa nati zikilegea na ekseli ikajizungusha ndani ya uma, kwa hiyo funga mkono wa kuizuia. Maji nayo: mota ya moto ikitumbukia kwenye dimbwi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Fungua, kausha, badilisha beringi na sili kwa pamoja, usibadilishe kimoja.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa mota kwenye kontrola, yaani kisanduku kinachoiendesha, na uizungushe kwa mkono. Ikiwa nzito na ya kushtukashtuka, kuna waya zinazogusana ndani. Ikiwa laini, shuku kontrola kwanza.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo tumekutana. Na kuhusu kazi, tazameni Tesla. Gia ya kasi mbili ya Roadster, gari lao la kwanza, ilikuwa inavunjika. Waliiacha, wakaweka gia ya kasi moja na kuboresha inveta na mota. Bodi waliijenga juu ya chasisi iliyotokana na Lotus. Walijua sehemu ipi ni yao na ipi wanunue.

Mleta mada:
Lordstown ilitangaza oda 100,000 zisizomfunga mnunuzi, na mwanzilishi wake akajiuzulu Juni 2021 baada ya uchunguzi kukuta baadhi ya kauli kuhusu oda hazikuwa sahihi. Kijana anayeitwa kazini na kampuni changa aulize: oda ngapi zimelipiwa? Fedha zilizopo zinatosha miezi mingapi? Kisha achague idara ya inveta au betri, kwa sababu ujuzi huo unahitajika popote mota ifungwe.