Mto Mara kiangazi unaisha, ni pampu za Kenya au kuna kingine?

Mnyweshaji_Serengeti:
Habari wadau, mi niko wilaya ya Serengeti karibu na mto Mara, kila ikifika mwezi wa pili maji yanashuka mpaka mawe yote yako nje na pale tunaponyweshea ng'ombe panabaki tope tupu, wazee wanasema zamani haukuwa hivi hata jua likiwa kali vipi. Huku lawama zote ni umwagiliaji wa Kenya. Kuna sheria inayowabana au kwa vile mto unaanzia kwao wanachota tu?

Bomet_Kwetu:
Ndugu, mi ni mkulima Bomet, huku Kenya. Maji ya kiangazi karibu yote yanatoka huku kwetu, mito ya Nyangores na Amala, inashuka kutoka msitu wa Mau, hiyo mingine ya Talek na Sand River jua likiwaka inakauka. Kwa hivyo ni kweli huku tukiwasha pampu Februari nyinyi mnaumia. Lakini Mau nayo imekatwa vibaya, mvua ikinyesha inakimbia yote na udongo mwekundu badala ya kuingia ardhini, na watu tumeongezeka sana. Kuchota kwa pampu lazima uwe na kibali cha WRA, mamlaka ya maji ya Kenya, shida ni vile vipampu vya petroli vya usiku, hivyo nani anahesabu?

mtu_wa_bonde:
Mkuu sheria za maji zipo pande zote, Kenya ya 2016, yetu Tanzania ya 2009, na zote zinatenga maji ya akiba, yaani ya watu kunywa na ya mto wenyewe kubaki hai, hayo ndiyo kwanza kabla ya kumpa mtu kibali. Halafu 2015 nchi zote mbili zilisaini makubaliano ya kusimamia bonde la Mara pamoja. Mi nasema hivi, kibali chochote kihesabiwe kwa maji ya Februari siyo ya Mei, mto Mei una maji ya kumwaga. Na sisi tusijifanye wasafi, hata huku kuna mpango wa bwawa la Borenga la kumwagilia. Huu ndio mto pekee usiokauka kaskazini mwa Serengeti, ukikatika nyumbu wote wale wataenda wapi?

Mnyweshaji_Serengeti:
Asante wakuu. Sasa nani anapima kwamba akiba imebaki?

mtu_wa_bonde:
Kuna kituo cha kupimia pale Mara Mine. Nenda na mwenyekiti wenu wa kijiji ofisi ya bodi ya maji ya bonde la Ziwa Viktoria, ombeni vipimo vya kiangazi kwa maandishi, miaka yote waliyonayo.