Kalamu, simu, kuongea au kibodi: mkono unauma ila nataka nirudi kwenye kuandika

BintiChumbageni
Habari za jioni wana Tanga na wengine wote. Nina madaftari yangu ya simulizi za manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge, nilianza kuandika kipindi babu yuko hai ananihadithia maisha ya shambani kule njia ya Muheza, baadae mkono wa kulia ukaanza kuuma hapa kwenye kifundo nikaweka kila kitu kabatini. Sasa nataka nirudi kwa sababu wazee wa kuwauliza wanazidi kupungua na hii kazi naipenda kweli. Shida kazini nashinda kwenye kompyuta, nikifika nyumbani mkono ushachoka. Nafikiria njia nne: kalamu na kaunta buku, kuchapa kwenye simu, kuongea simu iandike yenyewe, au kununua kibodi ya nje na mausi ile ya kusimama. Hela yangu inatosha kitu kimoja tu kwa sasa. Aliyepitia hili naomba aniambie kipi kilimfikisha mbali.

Kaka_Makorora
Kalamu dada. Ila sio hizi biro ngumu mpaka ukandamize, tafuta ya wino wa jeli au penseli laini ya 2B inateleza yenyewe, afu izungushie sponji au mpira iwe nene. Kalamu nyembamba unaibana sana na vidole na kubana ndo kunaumiza. Mi nimerudi kwenye kuandika hivyohivyo na mpaka leo naendelea. Simu kwa kweli usijaribu, kidole gumba kimoja hakiwezi kubeba kitabu kizima.

Bi_Raskazone
Mdogo wangu pole sana. Niko kwenye fiziotherapia kwahiyo ntaanzia kwenye mkono kwanza, maana hizo njia nne huwezi kuzilinganisha kama hujajua kinachouma ni nini. Usiku je, unaamka vidole vina ganzi mpaka unakung'uta mkono? Na ganzi iko vidole gani? Kama ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete lakini kidole kidogo hakina ganzi, hapo mara nyingi ni ule mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba ya kifundo, unabanwa. Kama maumivu yako upande wa gumba, ukibeba sufuria au mtoto ndo unapiga kelele, hiyo ni kano za gumba, na kuchapa kwenye simu kunazidisha kabisa, hapo namuunga mkono Kaka_Makorora.

Kwa mshipa uliobanwa kitu cha kwanza ni sapoti ya kifundo ya kuvaa usiku, inayoshika mkono ukae umenyooka, sio umekunjwa kwenda juu wala chini, na uivae kwa wiki kadhaa mfululizo, sio siku ukiumia tu. Watu wengi wanalala wamekunja mkono chini ya shavu ndo maana asubuhi wanaamka hoi. Kisukari, tezi ya shingo na ujauzito navyo vinaleta hali hii, kwahiyo usiseme moja kwa moja ni kompyuta, nenda kapime. Ukiona vitu vinakuponyoka mkononi au nyama ya chini ya gumba inapungua usisubiri hata kidogo. Na nakuomba sana usiwe mtu wa kununua diklofenaki dukani kila wiki ili tu uandike, inachubua tumbo na kwa mwenye presha au figo ni hatari.

FundiSimu_Ngamiani
Mi nasema ongea. Kibodi ya Google inaandika Kiswahili kwa sauti tangu 2017, ingia kwenye setingi za lugha uchague Kiswahili Tanzania ubonyeze alama ya kipaza sauti, ni bure, bando tu. Ongea sentensi nzima usikate kate maneno maana inategemea maneno ya jirani kujua umesema nini. Koma na nukta kwangu naweka mwenyewe mwishoni.

Nimeijaribu sasa hivi na habari ya Hindorf, yule Mjerumani aliyeleta mkonge huku kwetu: "Hindorf aliagiza miche elfu moja mwaka 1893 ikafika hai 62 tu." Namba zote imepatia, mwaka imepatia, ila Hindorf imeandika kitu hakieleweki. Majina ya Kisambaa na Kizigua nayo inayaharibu, kwahiyo tumia majina ya muda, sema "mzee wa kwanza", "mzee wa pili", afu siku ya mwisho unabadilisha yote kwa mkupuo.

Kingine cha muhimu, wazee warekodi kwa rekoda ya simu kabisa. Usiiwekee simu sauti ya mzee iandike, itakosea sana, mzee ana kikohozi ana meno mawili na jogoo anawika nyuma. Vaa hedifoni umsikilize kipande kwa kipande na wewe urudie kwa mdomo wako ndo simu iandike wewe. Mkono haujagusa kitu na sauti ya mzee umebaki nayo.

Mwl_Pangani
Fundi umeeleza vizuri lakini kuna kitu mnakiruka. Mtu akiongea anaongea mengi, mi nilivyojaribu kwenye hadithi zangu nikapata kurasa ndefu zinazojirudia, na kuzipunguza huko ndo kulinirudishia maumivu, maana kuhariri ni mausi, kuburuta, kubonyeza, kukata na kubandika. Kwa hesabu hiyo kuongea kunahamisha mzigo tu, hakuuondoi. Binti ajipangie na huo upande: aprinti ukurasa kwenye karatasi au ausikilize simu ikimsomea, aamue nini kinatoka, halafu ndo aguse kompyuta mara moja. Mausi ahamishie mkono wa kushoto, mwanzo inakera ila unazoea. Laptop aiinue juu ya vitabu na kibodi ya nje ya kawaida iwe chini usawa wa kiwiko, hii ya bei nafuu ya dukani inatosha.

BintiChumbageni
Asanteni sana jamani, nimesoma kila neno. Bi_Raskazone shikamoo, ni ganzi ya usiku, gumba mpaka cha kati, kidole kidogo hakina shida, nakung'uta mkono ndo nalala tena. Kwahiyo hela ya mwezi huu naiweka kwenye sapoti na kupima sukari, kibodi itasubiri. Kuandika naanza kwa kuongea kama fundi alivyosema, kalamu ya jeli naibakiza kwa vitu vifupi, majina ya watu na ramani ya kambi. Mwalimu nimekuelewa kuhusu kuhariri, ntakuwa nasikiliza kwanza.

Sasa swali, kuna mzee ananiambia niende Jumamosi hii, rekoda ya simu niiweke wapi isishike upepo, maana anapenda kukaa barazani?

FundiSimu_Ngamiani
Iweke karibu na kifua chake, sehemu ya maiki ielekee kwake, funika na kitambaa chepesi cha pamba. Weka simu isipokee simu za watu, na kabla hujaondoka pale msikilizishe mzee dakika moja mhakikishe imeshika. Ukifika nyumbani nakili kwenye fleshi usiku huohuo.

Bi_Raskazone
Marahaba. Na hiyo Jumamosi usiandike chochote, msikilize tu.