Baba wa vitoto vya mbuzi: DNA, rangi ya kifuani au kuwatenga mabeberu?

Zizi_Mwakirunge
Salaam aleikum jamaa. Nina majike 7 na mabeberu 2 wa aina ya Galla, weupe pepepe wote, niliwanunua boma moja kule Mariakani. Wanalala pamoja, wanachungwa pamoja. Sasa kuna mteja wa Kwale ametaka dume la mbegu kati ya vitoto vyao, ila sharti ajue baba ni yule mkubwa au yule mdogo. Nasikia DNA ya mbuzi, yaani vinasaba vyake, hupimwa. Nipime, au kuna njia nyepesi?

Mzee wa Jomvu
DNA ya mbuzi! Kesho kuku nao watadai cheti cha kuzaliwa. Mtazame masikio na mwendo, utamjua babake.

Bi Kashani
Mzee wangu, masikio ya Galla wawili wa boma moja utayatofautishaje?
Mimi natumia rangi. Rangi ya unga nachanganya na mafuta ya kupikia, nampaka beberu kifuani: huyu nyekundu, yule buluu. Asubuhi nawakagua majike matakoni, mwenye alama namwandika daftarini pamoja na tarehe. Kwa Galla ndiyo raha, weupe wao hauifichi rangi. Kazi ni kupaka upya kila baada ya siku chache, maana hufutika. Lakini hiyo ni kwa mimba zijazo. Waliokwisha kuzaliwa haiwasaidii kitu.

Daktari_Likoni
Bi Kashani yuko sawa, ila rangi ina tundu. Jike akiwa kwenye joto, yaani akitaka dume, hupandwa na mabeberu wote wawili siku moja, na pacha wake wanaweza kuwa kila mmoja na babake. Hapo utaona rangi zote mbili na hutajua lolote. DNA inajibu hata hilo.

Mbuzi ana kromosomu 60, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, nusu kwa mama, nusu kwa baba. Maabara inalinganisha alama kadhaa za vinasaba: kitoto akiwa na alama ambazo hazitoki kwa mama wala kwa beberu fulani, beberu huyo anaondolewa. Kwa hiyo kazi kubwa ya kipimo ni kumtoa asiye baba. Na hapa Zizi sikiliza: mabeberu wa boma moja huenda ni ndugu, au baba na mwana. Ndugu wanafanana vinasaba, alama chache hazitoshi kuwatenganisha. Waeleze maabara mapema, na sampuli ya mama usiiache.

Zizi_Mwakirunge
Ahsante Daktari. Sampuli ni damu?

Daktari_Likoni
Nywele zatosha, lakini zing'olewe na mizizi yake. Ukikata kwa mkasi umepeleka nywele tupu, vinasaba viko kwenye mzizi. Mbuzi awe mkavu, kila mmoja na bahasha yake ya karatasi, jina juu. Usitie kwenye plastiki, kwa unyevu wetu huu wa Mombasa zitaota ukungu kabla hazijafika. Maabara ya Chuo Kikuu cha California, Davis, hupima uzazi wa mbuzi, lakini sampuli ya mnyama kuvuka mipaka ina vibali vyake, anzia ofisi ya mifugo. ILRI Nairobi ni taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, zungumza nao kwanza kabla ya kubeba bahasha.

Mtongwe_Maziwa
Mimi naona mnazunguka mbali. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, tano chini au juu. Joto hurudi kila siku 21. Beberu wa kwanza mwache na majike wiki sita, mtoe, majike wakae wiki tatu bila dume, ndipo umwingize wa pili. Tarehe ya kuzaa itakutajia baba bila maabara. Ila vidume vidogo usivisahau! Cha miezi mitatu kinaweza kupanda mamake. Kidume hicho kitenge na mamake au kihasi mapema, la sivyo utawalaumu mabeberu bure.

Mzee wa Jomvu
Wiki tatu beberu akilia usiku kucha, majirani watanihama. Wamasai humfunga beberu kipande cha ngozi tumboni, akipanda hafiki. Hicho nakikubali.

Zizi_Mwakirunge
Hesabu ya DNA ndiyo inanitisha. Vitoto 9, mama zao, mabeberu 2…

Bi Kashani
Kwani unawauza wote 9, mwanangu? Mpime huyo mmoja anayetakiwa: yeye, mamake na mabeberu wawili. Sampuli 4, na gharama uiingize kwenye bei. Mteja ndiye aliyetaka uhakika. Vitoto wa nyama wa nini kuwapima?

Daktari_Likoni
Naam. Na uiombe maabara ikutunzie majibu ya mabeberu, ili siku nyingine ulipie kitoto na mamake tu.

Bi Kashani
Na kama beberu mmoja umemkusudia Idi ya kuchinja, mng'oe nywele kabla hajalazwa kibla.