Nikeli-78 inanipa hali moja tu. Nihamie mawe ya Ndarugu?

KwaneneChiromo: Wadau, hamjambo. Niko mwaka wa pili wa uzamili wa fizikia hapa Nairobi. Mada niliyoichagua ni muundo wa viini vya nikeli vyenye nyutroni nyingi, kuanzia nikeli-68 mpaka 78. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniteka: protoni 28, nyutroni 50, zote mbili namba za ajabu, yaani zinazojaza matabaka ya kiini na kukifanya imara.

Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza, "Na hiyo nikeli utaipimia wapi?" Anataka nifanye kama wenzangu: nichukue mawe ya ujenzi ya Ndarugu, niyasage, niyaweke kwenye kigunduzi cha mionzi nipime urani, thori na potasiamu. Nikamwambia sihitaji kupima, nitakokotoa. Nikapakua KSHELL, programu ya kukokotoa muundo wa viini, nikatumia JUN45, seti ya nguvu kati ya chembe za kiini. Nikeli-78 ikanitolea hali moja tu, 0+ (mzunguko sifuri), basi. Nimerudia mara nne (ya tatu stima ilipotea katikati). Programu ni mbovu au mbovu ni mimi? Na je, nikubali mawe?

Mpita_Njia_Ngara: Kaka, kubali mawe. Kila anayejenga Ruiru atataka kusoma tasnifu yako. Nikeli-78 nani ataila?

KwaneneChiromo: Mimi ni dada. Na tasnifu za mawe kabatini zimejaa tayari.

FundiWaGama: Dada, programu ni nzima, na wewe ni mzima. Hesabu nafasi. JUN45 inachukulia nikeli-56 kama kiini kilichofungwa, kisha inakupa vyumba vinne vya nyutroni, yaani ngazi za nishati: p3/2 watu 4, f5/2 watu 6, p1/2 watu 2, g9/2 watu 10. Jumla 22. Sasa nikeli-78 ina nyutroni 50. Toa 28 za nikeli-56, zinabaki 22. Matatu imejaa, hakuna hata wa kubadilisha kiti. Namna ya kuwapanga ni moja, kwa hiyo hali ni moja. Kompyuta imekujibu sawasawa.

Ukitaka 2+ (hali ya juu yenye mzunguko 2) ya nikeli-78 lazima uruhusu nyutroni kuruka juu ya 50, au protoni kuruka juu ya 28. Hapo hesabu inavimba hadi laptopu yako inalia. Wanaofanya hivyo wana mashine kubwa.

Kitu cha pili, na hiki nakwambia kwa sababu mimi mwenyewe kiliniumiza: JUN45 ilipolinganishwa na vipimo, nikeli na shaba ziliachwa nje makusudi, kwa kuwa nikeli-56 ni kiini laini, hakifungiki vizuri. Wewe unaitumia kwa nikeli! Jaribu jj44b, seti nyingine ya nguvu; hiyo ililinganishwa na viini vya protoni 28 hadi 30 pia.

KwaneneChiromo: Mwalimu, nimekaa kitandani nacheka peke yangu. Siku nne nimekuwa nikiitukana kompyuta. Sasa nitupe mada?

FundiWaGama: Usitupe, isogeze. Anza nikeli-58: nyutroni mbili tu nje ya nikeli-56, mipangilio 231, hata kalamu inaweza. Panda mpaka 76. Katikati utakutana na 68, yenye nyutroni 40 na mipangilio 646,646 kabla hujachuja kwa M (mwelekeo wa mzunguko), na laptopu inaimudu. Utamu uko hapo. Tazama nishati ya 2+ ya kwanza: nikeli-66 ni 1425 keV (kipimo cha nishati; 1000 keV ni MeV moja), 68 inaruka hadi 2033, 70 inaanguka 1260, kisha inashuka polepole hadi karibu 990 kwenye 76. Ukiona mruko huo utasema 40 nayo ni namba ya ajabu. Lakini masi za viini hazionyeshi pengo kubwa pale, na 68 ina 0+ nyingine chini ya hiyo 2+, kwenye 1604 keV. Mruko una sababu nyingine. Itafute, hiyo ni sura nzima ya tasnifu.

78 iweke mwishoni kama mpaka wa modeli yako. Watafiti kwenye maabara ya RIKEN, Japani, waliipima wakachapisha 2019: walichukua shaba-79, wakaipiga kwenye haidrojeni ing'oke protoni moja, wakapata 2+ kwenye 2.6 MeV. Andika kwa nini nafasi zako 22 haziwezi kuifikia.

Mama_Spektra: Binti yangu, mimi nafundisha. Msimamizi wako si adui, ameuliza swali la haki. Vipimo vya nikeli viko bure kwenye NuDat, hifadhidata ya viini mtandaoni, mjibu hivyo. Halafu nenda maabara siku wanaposawazisha kigunduzi kwa kobalti-60. Ile mistari miwili, 1173 na 1332 keV, sisi tunaiita ya kobalti kwa mazoea tu. Kobalti inaoza inakuwa nikeli-60, na anayetoa mionzi ya gama ni nikeli: 4+ kwenda 2+, kisha 2+ kwenda 0+. Nikeli iko pale mezani.

Mpita_Njia_Ngara: Haya, nimenyamaza.

KwaneneChiromo: Mrejesho. Jana nilikaa na msimamizi mbele ya skrini, vilele viwili vikapanda taratibu, cha 1332 chembamba kama sindano. Nikamwambia, "Mwalimu, hiki ni nikeli-60." Akasema, "Najua. Nilikuwa nangoja wewe ujue." Anataka pendekezo jipya Ijumaa, nikeli-58 hadi 76, na ameniandikia kwa mkono pembeni: *eleza 40*.

Ila mawe hajayaacha. Mwenzangu anahitaji msaidizi wa sampuli hamsini, na msaidizi ni mimi. Kuna mwenye kinu cha kusagia karibu na Juja?

Mpita_Njia_Ngara: Dada, njoo inbox.